Wageni wa parokia nao wapewe jembe

Ratiba ya waseminari wa ng'ambo wanaokuja kuzitembelea parokia za Bonde la Ufa inaweza kuandikwa hata kabla hawajakata tiketi. Jumamosi wanatua Nairobi. Jumapili wanaketishwa mstari wa mbele kanisani, kwaya inaongeza nyimbo, akina mama wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, wanawafunga leso mabegani, mbuzi anachinjwa. Jumatatu ni zamu ya shule ya msingi: watoto wanaimba, picha zinapigwa. Jumanne zahanati. Katikati ya wiki ni Ziwa Nakuru, kuwatazama vifaru. Halafu hotuba za kuagana, zawadi ya kinyago na ahadi ya kuandikiana.

Kumpokea mgeni vizuri si kosa, na mji kama Elburgon, katika Kaunti ya Nakuru, ungeona aibu kumpokea vibaya. Ila kijana anayesomea upadri hakutumwa kuja kushangiliwa. Ametumwa na askofu wake, au na walezi wake wa seminari, ajifunze namna watu wengine wanavyoishi na kusali. Anayejifunza huhitaji mwalimu, na hapo ndipo parokia zetu zinapojipunja. Zinajiona kuwa mwenyeji tu, pengine hata mwombaji, ilhali katika ziara ya aina hii zenyewe ndizo zenye kushika chaki. Zina haki ya kupanga somo, kuchagua mwanafunzi alale wapi, na kumuuliza maswali asiyoyatarajia. Kila mtu Elburgon anajua mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Wageni wa parokia huondoka bila kuuona hata mpini.

Mwongozo wa malezi ya mapadri ambao Vatikani iliutoa tarehe 8 Desemba 2016 unataka malezi hayo yawe kamili, ya kijumuiya na ya kimisionari. Hayo si mambo ya kusomewa darasani. Lakini pia hayapatikani kwa kuketishwa kwenye kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe huku wengine wote wakisimama.

Kwa anayetaka kujifunza, Elburgon ina mengi. Kwanza inaivuruga picha ya Afrika ambayo mgeni ametoka nayo kwao. Mji uko karibu kabisa na ikweta, lakini uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai humpeleka aliyefungasha kaptura na kofia ya jua moja kwa moja sokoni kutafuta sweta ya mitumba. Reli iliyotoka Mombasa ilipita hapa ikielekea Kisumu, ambako ilifika Desemba 1901. Nyuma yake wakaja walowezi, viwanda vya mbao na vibarua wa kila pembe ya nchi. Ndiyo sababu leo kwenye benchi moja la kanisa unaweza kuwakuta Wakikuyu, Wakipsigis, Wakisii, Waluhya na Waogiek, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwake, na Kiswahili kikiwa ukumbi wao wa pamoja.

Halafu kuna msitu. Mji huu uliinuka kwa mbao, na kampuni kama Timsales zililisha familia kwa vizazi kadhaa. Tarehe 24 Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku hizo ziliongezwa na kuongezwa hadi zikapita miaka mitano. Vibarua walipoteza kazi, madereva wa malori wakahama, na maduka yaliyokuwa yakiwategemea yakadorora. Rais William Ruto alipotangaza mwanzoni mwa Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, alikuwa papa hapa jirani, Molo, katika ibada ya Jumapili. Kuna waliopiga makofi, kuna waliolaani, na mzozo haukuchelewa kufika mahakamani.

Sasa fikiria mseminari wa mwaka wa pili wa teolojia ambaye ameusoma waraka wa Papa Francis wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa mazingira, Laudato Si', na pengine akapata alama nzuri. Mkalishe jioni moja na mzee aliyekuwa mpasuaji mbao na ambaye hakupata mshahara tangu msumeno uliponyamaza. Kesho yake mpandishe Mariashoni, ndani ya msitu wa Mau, kwa Waogiek, ambao kwao msitu ni mizinga ya asali na makaburi ya mababu. Ataelezwa kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kuwa serikali ya Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwaondoa Mau, na kwamba Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157. Ataelezwa pia kwamba Novemba 2023, fidia ikiwa bado haijaonekana, nyumba za Waogiek zilibomolewa upande wa Narok. Mpasuaji mbao na mrina asali wanaweza kuwa waumini wa jimbo moja. Padri huwahubiria wote wawili. Mseminari akirudi kwao akiwa amekosa la kusema mbele ya watu hao wawili, nauli yake imefanya kazi.

Parokia nyingi huona haya kumwonyesha mgeni mambo kama hayo. Zinahofia ataondoka na picha mbaya. Kwa hiyo anaonyeshwa tangi la maji lililofadhiliwa na marafiki wa Ujerumani, darasa lililopakwa rangi, na shamba la mfano la kabichi. Ni hofu ya kibinadamu, lakini inamnyima mgeni ukweli na inamnyima mwenyeji heshima. Watu wa Elburgon si maskini wa kuonyeshwa wala matajiri wa kujionyesha. Ni watu wenye kesi mahakamani, mikopo ya chama, watoto chuoni Egerton pale Njoro, na maoni makali kuhusu bei ya viazi.

Na kuna jambo ambalo wenyeji wenyewe hulizungumza kwa sauti ya chini.

Mwaka 1992 Molo, Elburgon na Olenguruone zilichomwa moto. Mapigano yaliyokuwa yameanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei huko Nandi yalisambaa hadi hapa, yakiendeshwa na siasa za vyama vingi na kupewa sura ya kikabila. Yalirudi katika maeneo haya mwaka 1998, yakarudi tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kila mara viwanja vya makanisa viligeuka kambi za wakimbizi wa ndani. Wapo leo wanaojumuika kwenye Misa moja ilhali wanajua ni nani alikuwa upande upi usiku fulani. Wanapeana mkono wa amani kila Jumapili. Mgeni anayeona tabasamu na kusikia ngoma tu hana habari kwamba ule mkono unaonyooshwa umebeba uzito gani.

Askofu aliyeshika usukani wa Jimbo la Nakuru wakati ule alikuwa naye mgeni. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa Mwala, Machakos, akawa askofu wa Machakos mwaka 1969 na kuhamishiwa Nakuru mwaka 1971. Mkamba akawa mchungaji wa Wakikuyu, Wakalenjin na wengineo kwa robo karne, hadi 1996. Moto ulipowaka hakujificha nyuma ya ugeni wake. Alitembelea waliochomewa, akawataja wachochezi, na serikali ya wakati huo ikamchukia waziwazi. Nguvu yake ya kusema ilitokana na miaka aliyokwisha kuipitisha barabarani akizijua parokia zake moja baada ya nyingine, kabla hata hajahitaji kusema neno lolote la hatari. Anayetaka kuwafundisha waseminari maana ya kuzama katika utamaduni wa watu wengine hana haja ya kutafuta mfano Roma.

Mfano wa pili unafaa hasa kwa Wamarekani. John Kaiser, mzaliwa wa Minnesota na padri wa shirika la Mill Hill, aliingia Kenya mwaka 1964. Alifanya kazi Kisii kwa miaka mingi, akijenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe, kabla ya kufika Maela, karibu na Naivasha, ambako maelfu waliofurushwa Enoosupukia mwaka 1993 walikuwa wamepiga kambi. Serikali ilipoivunja kambi hiyo Desemba 1994 na kuwapakia watu kwenye malori usiku, alikuwepo na alipinga. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, akitaja wakubwa kwa majina. Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa FBI walisema alijiua. Uchunguzi wa mahakama ya Kenya uliokamilika mwaka 2007 ulisema aliuawa. Mseminari wa Marekani anayepita barabara hiyo kutoka Nairobi kuja Elburgon anapita mahali hapo bila kuambiwa. Dereva angesimamisha gari kwa dakika tano tu.

Wapo wanaosema ziara hizi zifutwe kabisa. Hoja yao ni nyepesi kuielewa: nauli ya kijana mmoja kutoka Chicago hadi Nairobi na kurudi hupita shilingi laki moja bila taabu, na wakija kumi zimekwenda pesa ambazo zingeezeka kigango kizima kwa mabati. Hoja hiyo ina mvuto kwenye mkutano wa baraza la parokia, hasa msimu wa mvua. Lakini ina kasoro kubwa. Inakubali kimyakimya kwamba kitu pekee ambacho parokia ya ng'ambo inaweza kuipa Elburgon ni pesa, na kwamba Elburgon haina cha kumpa mtu zaidi ya shukrani. Mabati yatanunuliwa kwa harambee, kama yalivyonunuliwa siku zote. Padri wa baadaye wa Minnesota au wa Padova aliyelala kwa mama mjane wa Elburgon, akala githeri na kusaidia kuchimba viazi kwa gambuti za kuazima, hapatikani kwa harambee.

Na hapa ndipo jumuiya ndogo ndogo zinapoingia. Maaskofu wa AMECEA, chama cha maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na tangu hapo ndizo Kanisa lenyewe kwa Mkatoliki wa kawaida wa Kenya. Familia jirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili ya Jumapili, husali, kisha huchangia mgonjwa, karo au mazishi. Hakuna jukwaa. Mgeni akipelekwa huko bila mkalimani wa kila neno na bila kiti cha heshima, akapangiwa familia moja na si nyumba ya mapadri yenye maji moto, atajifunza mengi zaidi kwa wiki moja kuliko kwa miezi mitatu ya maonyesho. Atachoka, atakosea, atacheka na kuchekwa. Mwenyekiti wa jumuiya, ambaye mara nyingi ni mama muuza mboga, atakuwa mlezi wake kwa siku hizo, na neno lake katika ripoti ya mseminari lingepaswa kuwa na uzito sawa na la paroko. Kwa sasa haulizwi.

Muda nao ni tatizo, wala si jipya. Wamisionari wa kwanza wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwishoni mwa Juni 1902, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure. Hadi Machi 1904, karibu miaka miwili baadaye, ndipo walipokaa pamoja Murang'a kukubaliana namna ya kufanya kazi: kujifunza lugha, kuzunguka vijijini, kutibu, kufundisha. Watu hao walikuwa na makosa yao mengi, na historia ya Kanisa na ukoloni katika nyanda za juu haipendezi kila mahali. Hata hivyo, hawakudhani wiki tatu zinatosha kuwajua Wakikuyu. Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Loliondo, Tanzania, miongoni mwa Wamasai, alimwandikia askofu wake mwaka 1966 akilalamika kwamba shule na hospitali za misheni zilikuwa zikistawi huku wamisionari hawajawahi kuzungumza na Wamasai kuhusu Mungu. Alianza upya, boma kwa boma, na yeye ndiye aliyebadilika zaidi. Wiki tatu za leo haziwezi kuzaa hayo. Zinaweza kuwa mwanzo, iwapo aliyetumwa anajua atarudi, au anajua wenyeji wake watamfuata.

Hilo la kufuatwa ndilo lenye utata. Jimbo la Nakuru lilipoundwa mwaka 1968, sehemu kubwa ya kazi ya kichungaji katika Bonde la Ufa ilikuwa mikononi mwa wamisionari Waairishi wa Mtakatifu Patrisi kutoka Kiltegan. Jirani zetu wa Nyahururu, jimbo lililoanzishwa Desemba 2002, walipewa Luigi Paiaro kuwa askofu wao wa kwanza, padri wa Padova aliyekuja Kenya chini ya mpango ambao Papa Pius wa Kumi na Mbili aliuhimiza mwaka 1957, wa majimbo ya Ulaya kuazima mapadri wao kwa Afrika. Sasa mto unatiririka upande wa pili. Takwimu za Vatikani za mwisho wa 2023 zinaonyesha karibu waseminari wakuu 35,000 barani Afrika, kati ya takriban 106,000 duniani kote, na Afrika ndilo bara ambalo idadi hiyo bado inapanda. Parokia za Ireland, Ujerumani, Italia na Marekani zinahudumiwa na mapadri wa Kenya, Uganda na Nigeria. Kijana anayekuja Elburgon leo ana nafasi kubwa ya kuishi nyumba moja na padri Mwafrika miaka kumi ijayo, akiwa msaidizi wake au mkubwa wake. Kwa hiyo ziara si hisani kwa Elburgon. Ni maandalizi ya kijana huyo mwenyewe kwa maisha yanayomngoja kwao.

Ila Mkenya wa rika lake anaandaliwa vipi? Tangu Januari 2024 Kenya iliacha kuwadai wageni viza na badala yake ikaweka kibali cha mtandaoni cha takriban dola 30, ambacho Mmarekani hukijaza akiwa kitandani. Mseminari wa Nakuru anayetaka kwenda kwa yule Mmarekani hulipa dola 185 zisizorudishwa, husafiri hadi ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, kuhojiwa, na huweza kunyimwa kwa dakika tatu. Ulaya ya Schengen humdai yuro 90 na rundo la stakabadhi za benki ambazo mtoto wa mkulima wa viazi hana. Matokeo yake ni kwamba urafiki wa parokia mbili huwa na mlango unaofunguka upande mmoja. Wengine wamejaribu kuufungua wote. Ushirikiano wa Jimbo la Kitui na Jimbo Kuu la Saint Paul na Minneapolis, ulioanza mwaka 2004, umejengwa juu ya kutembeleana pande zote mbili. Mipango ya namna hiyo bado ni michache mno.

Wala tusijifanye kwamba ugeni ni wa Wazungu peke yao. Mseminari wa Malindi aliyepelekwa mwaka wake wa uchungaji kwenye baridi ya Molo ni mgeni pia, kama alivyo kijana wa Kikuyu aliyepangwa Baringo Mashariki. Baada ya 1992 na 2008, jimbo lenye historia ya Nakuru lingefanya vyema kuwadai waseminari wake wenyewe miezi kadhaa katika nyumba za kabila ambalo nyumbani kwao hulisikia likitajwa kwa kejeli. Ni rahisi kumkaribisha Mwitaliano. Kumlaza mtoto wa jirani ambaye baba yake mlikimbizana ni kazi nyingine.

Baraza la parokia likitaka kuanza, halihitaji ruhusa ya mtu ng'ambo. Barua ya mwaliko inayotoka Elburgon inaweza kutaja masharti kabla tiketi haijakatwa: angalau wiki sita badala ya tatu, Kiswahili cha kutosha kusali Baba Yetu na kununua nyanya bila msaada, malazi katika jumuiya, siku moja Mariashoni na nyingine kiwandani kwa wapasuaji mbao, hakuna kupiga picha za watoto bila ruhusa ya mzazi, na ripoti ya mgeni isomwe kwanza mbele ya jumuiya iliyompokea kabla haijapelekwa kwa mkuu wa seminari yake. Sharti la mwisho liwe nafasi moja kwa mseminari wa Nakuru, nauli na ada ya viza zikilipwa na anayetuma wageni, na barua ya askofu wao kwa ubalozi ikiwa mkononi mwake anapokwenda kuhojiwa. Seminari itakayoona masharti hayo ni mengi bado inaweza kuja Ziwa Nakuru kuwatazama vifaru. Lango liko wazi kila siku na tiketi zinalipiwa mtandaoni.